Kihenge cha Tabita, ambako hakuna anayejisifia mwenyewe

Foleni ya malori imerudi nyuma hadi Chapwa, na madereva wameshakata tamaa ya kusogea. Mmoja ananyoa ndevu akijitazama kwenye kioo cha pembeni cha lori lake. Mwingine, Mzambia mwenye kofia ya sufu, ameona heri atumie muda huo kutengeneza simu, na sasa anainama mbele ya kibanda cha mbao kando ya barabara kuu mjini Tunduma, mpakani na Zambia.

"Muli shani, bamayo," anasalimia kwa Kibemba.

"Bwino," anajibu mwenye kibanda bila kuinua macho. "Lete nione. Hii haikuanguka. Hii imekaliwa."

Dereva anacheka, maana ni kweli ameikalia.

Mwenye kibanda ni Tabita Sikanyika, 38, fundi simu, mama wa watoto watatu. Mkono wake wa kulia umeshika bisibisi, wa kushoto unabofya kompyuta mpakato ya zamani ambayo bawaba yake imefungwa kwa gundi ya karatasi. Kwenye skrini kuna makala ya kahawa ya Mbozi, na kuna mtu ameibadilisha muda si mrefu uliopita.

"Kaandika kahawa inaanza kuvunwa mwezi wa pili," anasema Tabita. "Ngoja Imelda aione. Atamchuna ngozi."

Imelda ni mkulima wa kahawa na mwenye duka kule Mlowo. Yeye na Tabita hukutana ana kwa ana mara chache tu kwa mwaka, lakini kila siku wanaandika kitabu kimoja. Kitabu chenyewe hakina jalada wala kurasa za karatasi. Ni kamusi elezo ya mtandaoni inayohusu Mkoa wa Songwe, na mtu yeyote aliyejisajili anaweza kuandika humo, kuongeza, na kumsahihisha mwenzake. Jina lake ni Kihenge.

"Kihenge cha mahindi hakiulizi gunia hili limetoka shamba la nani," anaeleza Tabita. "Kinauliza kama mahindi ni makavu."

Leo Kihenge kina makala zaidi ya mia sita na waandishi arobaini na tatu. Wamo makada wa chama tawala, wamo wapinzani wa damu, na wamo ambao ukiwatajia siasa wanaaga. Wote wanaandika ukurasa mmoja. Kwa anayeujua mji huu, ambako watu wanaweza kubishania chama kuanzia kwenye kiti cha kinyozi hadi kwenye matanga, hilo si jambo dogo. Na karibu lisiwepo, kwa sababu mwaka jana Kihenge kilibakiza kidogo tu kivunjike vipande viwili.

Tabita hakuanza akiwa na ndoto ya kuandika kamusi elezo. Alianza kwa sababu ya simu zilizokufa. Wateja walikuwa wakimletea simu iliyotumbukia kwenye maji au iliyopitiwa na tairi, na kumwomba jambo moja tu.

"Mtu anakwambia, fundi, simu yenyewe tupa, nitolee picha. Unatoa, unakuta mazishi ya bibi yake, unakuta soko la zamani kabla halijabomolewa, unakuta siku kahawa ilipopata bei. Nikasema, kumbe historia ya mji huu wote iko kwenye simu zilizovunjika vioo."

Akaanza kuwaomba wateja ruhusa ya kubaki na nakala za picha za mahali na matukio. Wengi walikubali. Mtaalamu mmoja wa kompyuta kutoka Mbeya, aliyekuja kutengenezewa kioo, alimwonyesha programu ya bure ya kuundia kamusi elezo. Yaliyobaki alijifunza mwenyewe, kwa kukosea.

Kipato chake ni cha fundi wa barabarani. Siku nzuri anaondoka na shilingi elfu thelathini, siku mbaya anaondoka na nauli. Miezi ya mwanzo alikuwa akilipia bando na gharama za tovuti kutoka kwenye fedha hizo hizo. Mumewe, Jofrey, anakiri kwamba hakuelewa hata kidogo.

"Nilidhani amejiunga na upatu wa kitapeli," anasema Jofrey. "Kila jioni yuko kwenye simu anacheka na watu nisiowajua, na hela haionekani."

Sasa waandishi wanachangishana gharama. Jofrey naye ameandika makala mbili, zote kuhusu mahindi, na moja ni ndefu kupita kiasi.

Ugomvi ulioingia Kihenge ulitoka sokoni. Miaka michache iliyopita mvua kubwa ilijaza kijito kilicho nyuma ya Soko la Magengeni, maji yakaingia kwenye vibanda alfajiri. Vijana walijitokeza kuokoa magunia ya mahindi, maharage na dagaa. Hilo hakuna anayelibisha. Kilichobishaniwa ni vijana wa nani.

Makala ya mafuriko iliandikwa kwanza na Osward Mwampashi, wakala wa forodha na katibu wa vijana wa chama tawala katika kata yake. Aliandika kwamba vijana wa chama chake ndio walioongoza uokoaji, akaweka na picha. Haikumaliza siku. Damiano Siame, muuza vipuri vya pikipiki na mwenezi wa chama cha upinzani, aliifuta sentensi hiyo na kuandika kwamba vijana wa chama chake walifika saa nzima kabla ya wengine. Naye akaweka picha, na picha yake ilikuwa na saa. Kumi na mbili na nusu asubuhi. Ya Osward ilisema saa moja na nusu.

Wahenga walishasema, mwamba ngoma huvutia kwake. Hawa wawili waliivuta ngoma hiyo mpaka ikakaribia kupasuka.

Osward akafuta picha ya Damiano akidai imechezewa. Damiano akairudisha. Osward akaifuta. Wengine wakaingia vitani, kila mmoja upande wake, na wiki ikaisha makala ya mafuriko ikiwa imebadilishwa mara zisizohesabika, huku hakuna aliyeongeza hata sentensi moja yenye faida kuhusu mafuriko yenyewe. Kwenye kundi la waandishi la WhatsApp yakaanza kuandikwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapisha.

"Kuniambia nimechezea picha ni kuniambia mimi mwizi," anasema Damiano, na hata leo sauti inapanda kidogo. "Mimi ni mzee wa kanisa. Nikawaambia wenzangu, tutoke, tuanzishe chetu."

Osward naye alikuwa na wake waliokuwa tayari kutoka. Jina la kamusi elezo mpya walishalichagua.

Tabita alifunga makala ile ili asiiguse mtu yeyote, kisha akafanya jambo ambalo mafundi hawapendi kulisema. Alilia kibandani, mbele ya wateja.

"Sikulilia siasa," anasema. "Mimi mwenyewe nina chama. Nililia kwa sababu ukigawa Kihenge, kahawa ya Imelda inakwenda upande gani? Picha ya mazishi ya bibi wa mtu inakwenda upande gani? Watu waliniamini. Hawakuniambia hii ni picha ya chama fulani."

Unapomuuliza chama chake ni kipi, anatabasamu. "Nenda kamuulize mtu wa upande wa pili akueleze. Ndiyo sheria yetu."

Sheria hiyo ndiyo iliyookoa mambo, na chanzo chake ni posa iliyoharibika nyumbani kwao.

Kaka yake Tabita, Gasper, alipotaka kuoa, baba yao aliona kutuma mshenga ni kupoteza muda. Akasema yeye si mtoto, ataongea mwenyewe. Akaenda, akaongea, na kabla ya chai kuisha alikuwa amegombana na baba wa binti kuhusu nani kati yao alimsalimu mwenzake vibaya miaka mingi nyuma. Harusi ilichelewa mwaka mzima. Ilibidi atafutwe mshenga wa kwenda kuomba radhi kwanza, ndipo posa ianze upya.

"Nilikaa nikamkumbuka baba," anasimulia Tabita. "Mwenye jambo akijisemea, hasira zinamtangulia. Mshenga hana hasira, kwa sababu kinywani ana maneno ya mtu mwingine. Nikasema, basi Kihenge kitakuwa na washenga."

Aliwaita Osward na Damiano kibandani Jumapili moja baada ya ibada. Walikuja, kila mmoja akiwa na uso wa mtu aliyeitwa baraza la usuluhishi. Imelda alipanda basi kutoka Mlowo na kuja kama shahidi, akiwa na chupa ya kahawa yake mwenyewe, kwa sababu ya Tunduma hana imani nayo.

Sharti alilowapa lilikuwa fupi. Hakuna atakayeandika habari za chama chake. Osward ataandika waliyofanya vijana wa Damiano, na Damiano ataandika waliyofanya vijana wa Osward. Ukimaliza, mwenzako anasomewa. Kama umemsema sawasawa, anaandika neno moja chini ya aya: ndivyo. Kama hukumsema sawasawa, unarudi kuuliza tena, mpaka akubali.

"Yaani mimi nimsifie huyu?" aliuliza Osward.

"Sikusema umsifie, baba," alijibu Tabita. "Nimesema umsikilize ili uandike alivyofanya."

Imelda anakumbuka kilichofuata. "Walikunywa kahawa yangu yote kwa sababu hakuna aliyetaka kuanza," anasema.

Akaanza Osward, kwa shingo upande. Kwa kuwa sasa alikuwa mshenga wa Damiano, ilimbidi aulize maswali ya mtu anayetaka kujua, si ya mtu anayetaka kushinda. Akauliza asubuhi ile Damiano aliamkia wapi, nani alimpigia simu, alipita njia gani.

"Nililala kwa mama mdogo, Nakonde," alisema Damiano. "Vijana ndio walionipigia. Nikavuka mpaka mbio, nikafika sokoni, nikapiga picha, nikaingia majini."

Osward alihesabu kitu kwa vidole. Halafu akaanza kucheka peke yake, mpaka Damiano akakaribia kuinuka kwa hasira.

"Kaka," akasema Osward, "ulikuwa Nakonde. Simu yako ilikuwa inasoma saa za Zambia."

Wasomaji wa mbali na mpaka wanahitaji maelezo kidogo hapa. Ukivuka kutoka Tunduma kwenda Nakonde, saa inarudi nyuma kwa saa moja, na simu nyingi hujibadilisha zenyewe zikinasa mtandao wa upande ule. Ukirudi nyumbani, simu inaweza kuchelewa kukubali kwamba imerudi. Kila mkazi wa mji huu amewahi kukosa basi au ibada kwa sababu hiyo. Watu wanaoishi na jambo hilo kila siku waligombana wiki nzima na hakuna hata mmoja aliyelikumbuka.

Aliyeumia zaidi ni fundi.

"Mimi ndiye ninayewarekebishia watu saa zilizorukia Zambia," anasema Tabita, akijishika kichwa. "Kila siku. Na ile picha niliitazama hadi macho yakauma. Ugomvi ukiingia, akili inatoka."

Basi picha zote mbili zilipigwa karibu wakati mmoja. Hakuna aliyechezea kitu, na hakuna aliyemtangulia mwenzake kwa saa nzima. Wakaziweka mbili pamoja kwenye skrini ya kompyuta, na hapo Osward akagusa pembe ya picha ya Damiano, ile ile aliyokuwa akiifuta wiki nzima. Kuna mtu amegeuka, amevaa mabuti ya mpira, ana gunia begani.

"Huo mgongo ni wangu," alisema.

Wakatazama mikono iliyokuwa ikimpokea gunia. Ilikuwa ya vijana wa Damiano.

Jioni ile walikaa wakaandika. Osward aliandika aya ya vijana wa upinzani, Damiano aliandika aya ya vijana wa chama tawala, na chini ya kila aya likaandikwa neno ndivyo. Ni makala nzuri. Mwandishi huyu ameisoma mara mbili na kujifunza humo mambo ya kijito kile ambayo hakuyapata penginepo.

Lakini kupatana juu ya mvua iliyopita ni rahisi kuliko kupatana juu ya kura. Miezi michache baadaye ulikuja uchaguzi mdogo wa diwani katika kata yao. Osward alikuwa kwenye kampeni ya mgombea wa chama chake, Damiano kwenye kampeni ya mpinzani wake. Mchana walipishana barabarani na vipaza sauti. Kihenge kilikubaliana mapema kwamba ukurasa wa mshindi, yeyote atakayekuwa, utafunguliwa na mtu wa upande ulioshindwa.

Tabita alijua uzito wa alichoomba. Kumwandika aliyekushinda kura, kidonda kikiwa bado kibichi, si kazi ya mchezo.

Alishinda mgombea wa upande wa Osward, kwa kura chache.

Siku zikapita, na Kihenge kikawa hakina ukurasa wa diwani. Damiano hakuandika, hakupokea simu, hakuonekana hata dukani kwake. Vijana wa Osward wakamjia juu katibu wao. Kwa nini tusubiri, tumeshinda, andika wewe.

"Picha ninazo, maelezo ninayo, mkono unaniwasha," anakiri Osward. "Lakini ningeandika mimi, Kihenge kingefia mikononi mwangu. Nikawaambia, tulieni. Mshenga wetu bado yuko njiani."

Tabita alikuwa anabandika kioo kwenye simu ya mteja ilipokuja taarifa kwamba ukurasa mpya umefunguliwa. Mwandishi: Damiano Siame. Anasema aliogopa kuusoma. Mteja alimuuliza kama amepata habari za msiba.

Akasoma. Ukurasa ulikuwa na tarehe ya uchaguzi, idadi ya kura za kila mmoja, na ahadi za mshindi kama alivyozitamka, bila kejeli. Kisha kulikuwa na aya yenye habari ambazo hata chama cha mshindi mwenyewe hakikuwa nazo. Ilieleza kwamba diwani huyo, kabla ya siasa, alikuwa dereva wa bodaboda, na kwamba wakati wa mafuriko alivusha wagonjwa kwenda zahanati bila kuwatoza nauli.

Damiano anaeleza kwa nini aliiweka. "Nilimwona kwa macho yangu. Ni jirani yangu yule. Kumnyima kura ni haki yangu, lakini kumnyima ukweli sina haki hiyo." Anasema alichelewa kwa sababu alikuwa amekasirika, na hakutaka kuandika akiwa amekasirika.

Chini ya ukurasa Osward aliandika ndivyo. Kabla ya jua kuzama alikuwa ameshafungua ukurasa wa mgombea aliyeshindwa, akieleza sera zake zote, ikiwemo moja ambayo anaona chama chake kingefaa kuiiga, ingawa hilo aliniambia kwa sauti ya chini.

Na Tabita? Aliweka simu ya mteja mezani, akatoka nje ya kibanda, akasimama katikati ya foleni ya malori, akapiga vigelegele. Madereva wakapiga honi bila kujua wanashangilia nini. Akina mama wauza ndizi wakaitikia, kwa sababu vigelegele haviachwi vipite hivi hivi. Imelda, aliyepigiwa simu wakati ule ule, anasema alisikia kelele hizo Mlowo akadhani mpaka umefunguliwa bure.

Mwandishi huyu amehudhuria semina nyingi za maridhiano, zenye maandazi na fulana. Hajawahi kuona upatanisho mkubwa kama ule unaofanywa na watu waliolazimika kumwandika mwenzao kwa usahihi. Nasema hivyo bila aibu: nilipousoma ukurasa ule, nilifurahi kama aliyeshinda ni mimi.

Tangu hapo waandishi wameongezeka zaidi ya maradufu. Shule mbili za sekondari zimeanza kuwatuma wanafunzi Kihenge wakitafuta habari za mkoa. Jambo ambalo Tabita analitaja kwanza, hata hivyo, ni kwamba waliokuwa wametoka kwenye kundi walirudi wote.

Sasa ameanza kuchokonoa jingine. Ukurasa wa mpaka, ambao ndio unaosomwa kuliko zote, umeandikwa na watu wa upande mmoja tu.

"Tumeandika Wazambia wanafanya hivi, Wazambia wanasema vile. Nani katika wao amesema ndivyo? Hakuna. Na ni ndugu zetu, shangazi zangu wako kule. Tunawasemea tu."

Nakonde kuna kikundi cha walimu wanaokusanya habari za mji wao. Tabita anataka waingie Kihenge, waandike habari za Tunduma, na watu wa Tunduma waandike za Nakonde. Amewatumia ujumbe kwamba Jumamosi ijayo kutakuja wageni kuzungumza jambo hilo. Yeye mwenyewe hatakwenda. Watakwenda washenga wake, Osward na Damiano, kwa miguu, pamoja, na mzigo mmoja wa kahawa kutoka kwa Imelda. Siku nilipowaacha walikuwa wamesimama kibandani wakibishana nani ataanza kuongea watakapofika.

Nikamuuliza Tabita kama haogopi kuwakabidhi kazi ya maisha yake watu wawili ambao mwaka jana hawakuweza kukubaliana hata juu ya saa.

Alifuta skrini ya simu aliyokuwa akiitengeneza, akaiwasha, ikawaka.

"Nitakaa hapa hapa na wasiwasi wangu," alisema. "Lakini hao wawili wameshanisemea mbele ya vijana wa vyama vyao, watu wagumu kuliko walimu. Waende tu. Watakaporudi ndipo nitajua kama nyumba ya Kihenge imeongezeka."